Fungu la Sikio

Jumatatu, 3 Juni 1996

Kama bahati ingekuwa inauzwa sokoni Tarime, mimi Machage ningekuwa na duka la jumla, na bado ningebaki na ya kula nyumbani. Naandika haya nikiwa na akili timamu. Bia moja tu. Moja na nusu.

Nimefika Nairobi mara tatu, Mwanza sihesabu. Nimevuka mpaka wa Sirari kwa miguu, kwa baiskeli, na safari moja ndani ya lori la ng'ombe, nikijifanya ng'ombe. Nimesoma mpaka darasa la saba na kidato cha kwanza miezi minne, ada ikakata kamba. Kote huko sijaona mwenye bahati kama yangu. Hapa Kewanja watu wanachimba miaka na miaka, wanatoka na kikohozi. Duara letu (shimo letu, maana huku shimo la dhahabu tunaliita duara) liligonga mshipa mwaka jana, mwezi wa tatu tu tangu tulifungue! Kwa nini? Kwa sababu nina mdogo wangu Mwikwabe, na Mwikwabe anasikia mwamba. Analala kifudifudi, anaweka sikio juu ya jiwe. Ananiambia mimi, mimi nawaambia wenzangu: chimbeni hapa. Wakachimba. Ikatoka!

Tangu siku hiyo Simioni, mkuu wa duara letu, ametoa amri. Kila tukigawana mawe, mfuko mmoja unawekwa pembeni kabla ya yote. Fungu la sikio. Hakuna duara lingine lenye fungu hilo, hata huko Geita hawana. Mfuko nachukua mimi, kwa sababu Mwikwabe hajali vitu.

Daftari hili ni la kumbukumbu. Nikishakuwa tajiri watu watataka kujua nilianzaje.

Alhamisi, 6 Juni

Mwikwabe hali mbaya. Siku tatu hajalala. Masikio ameyaziba kwa pamba, juu ya pamba amemwagia nta ya mshumaa. Redio yangu ameizika kwenye shamba la mihogo — redio yangu! Anasema msomaji wa habari anamtaja jina.

Nikamuuliza anakutaja kwa lipi. Akasema kwa wizi. Tena kuna wanawake wawili ndani ya ukuta. Mmoja anaeleza kila anachofanya: sasa anakunywa maji, sasa anavaa kiatu. Wa pili kazi yake kucheka.

Nikasema waambie hao wanawake walipe kodi ya nyumba.

Hakucheka. Mwikwabe, aliyekuwa anacheka mpaka matangani!

Wegesa, mkewe, naye hakucheka. "Shemeji, utani wako ukiisha, kesho ni Ijumaa ya kwanza. Yule nesi wa akili anakuja kituo cha afya. Tunaenda."

Nikamwambia ni zebaki tu. Wakati wa kuchoma dhahabu amevuta ule moshi, ukapanda kichwani. Maziwa fresh siku mbili, basi.

"Wewe unachoma zebaki kuliko yeye," akasema. "Mbona wewe umeharibika mdomo tu?"

Mwanamke huyu! Angekuwa mwanaume ningemwogopa. Namwogopa hivyo hivyo.

Ijumaa, 7 Juni

Leo nimeona mtu. Naandika tena ili nisisahau: nimeona mtu.

Anaitwa Sista Honoratha. Kwao Bukoba. Mfupi, raba miguuni, pikipiki anaendesha mwenyewe, na sanduku la chuma la dawa kalifunga nyuma kwa mpira wa tairi. Mimi nilijiandaa na hotuba. Hakuniangalia. Alimwangalia Mwikwabe, akamwamkia kwa jina, akamuuliza: naweza kukaa hapa karibu yako? Mwaka mzima hakuna mtu aliyemuomba ruhusa mdogo wangu. Wote tunamshika mkono tunamvuta.

Akamuuliza sauti ziko ngapi. Za kiume au za kike. Zinaongea na wewe, au zinakusema zenyewe kwa zenyewe?

Mwikwabe akatoa pamba sikio moja. "Umejuaje kwamba zinanisema?"

"Wengi wameniambia. Bukoba, Musoma, na kule Dodoma nilikosomea. Hawajuani, lakini wanachoniambia kinafanana."

Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa kama mtu aliyeonyeshwa kijiji chake kwenye ramani. Kumbe kipo! Kumbe wengine wanakaa huko!

Mimi nikaingilia, kama kawaida. Sista, ni zebaki. Akamfungua mdomo akaangalia fizi, akamwambia anyooshe mikono, akamwandikisha jina lake. Akasema zebaki inatetemesha mikono, inaharibu fizi, inaleta hasira na kusahau. "Mikono yake imetulia kuliko yako, kaka." Nikamwambia yangu ni bia. Akaandika kitu kwenye karatasi. Sijui aliandika nini. "Lakini acheni kuchomea ndani ya nyumba," akasema. "Hilo nalo litawamaliza siku moja."

Ugonjwa una jina. Skizofrenia. Nimemwomba aniandikie.

Nikamwambia, Sista, sema kwa lugha ya shimoni. Hakukasirika! Akafikiri. Akauliza: mkitoa mawe, nani anachagua ya kusaga na ya kutupa? Nikasema mzee mmoja, anakaa juu ya shimo, analiangalia kila jiwe, lenye dalili analipiga alama ya chokaa. Akasema vizuri. Ubongo una neva chungu nzima, na hazigusani. Kati ya moja na nyingine kuna upenyo. Ujumbe unavuka upenyo kwa kemikali, na kemikali moja inaitwa dopamini. Kazi yake mojawapo ndiyo ya huyo mzee: hili muhimu, liangalie, lile achana nalo. Sasa sehemu fulani ya ubongo ikiwa na dopamini nyingi mno, mzee anapiga chokaa kila jiwe. Kikohozi cha jirani kina chokaa. Redio ina chokaa. Wazo lako mwenyewe linapita, lina chokaa, unalisikia kama mtu mwingine kalisema. Na mtu mwenye akili lazima atafute maana. Mwikwabe hakosi akili, akasema. Anafanya kazi ya kutafuta maana mchana na usiku, ndiyo maana amechoka.

Nikasema: kama wageni waliofika hapa jana, wakiona yale mawe ya njano yanayometa wanapiga kelele dhahabu, dhahabu!

"Hasa!" akapiga kofi moja. "Ungeendelea na shule wewe."

Nilijipenda saa nzima.

Kachomwa sindano. Inafunga baadhi ya milango ambayo dopamini inaingilia. Nyingine ni tarehe 5 Julai. Asikose, akasema. Hata akijisikia mzima kabisa, asikose.

Jumamosi, 8 Juni

Leo shimoni nimefundisha dopamini. Simioni akauliza: ni ile dawa ya kuua kupe? Nikamwambia, mzee, iko kichwani mwako hapo ulipo. Akavua kofia akaikung'uta!! Watu hawakufanya kazi robo saa.

Redio nimeifukua. Inaimba, ila mchanga umeikaba koo.

Alhamisi, 13 Juni

Mwikwabe amelala mpaka jua limepanda. Pamba amezitoa. Wegesa anatembea taratibu ndani ya nyumba kama amebeba mayai.

Jumatano, 19 Juni

Amecheka! Nilimsimulia ile ya lori la ng'ombe na askari wa Sirari, akacheka mpaka akashika mbavu. Ameisikia mara ishirini na bado akacheka. Akaniambia, kaka, wale wanawake wapo lakini wamesogea mbali, kama watu wanaoongea ng'ambo ya mto. Akiamua kutowasikiliza anaweza. Dawa gani hii! Mtu katengeneza dawa inayosogeza watu ng'ambo ya mto. Ningemjua ningemchinjia mbuzi. Na Sista Honoratha mguu mmoja wa mbuzi.

Jioni ndiyo mambo. Mshipa wetu umeanza kukonda, Simioni anataka kujua tufuate kulia au kushoto. Wakamwita Mwikwabe. Akashuka. Akalala kifudifudi, sikio juu ya mwamba, sisi wote kimya, mishumaa mikononi kama kanisani.

Akainuka akajifuta vumbi. "Sisikii kitu," akasema. "Ni jiwe."



"Jaribu tena, mura," Simioni akamwambia kwa upole. (Mura ni kijana, kwa Kikurya chetu.)

"Nimejaribu. Ni jiwe tu, baba."

Alisema kwa furaha! Kama mtu anayetoa habari njema. Mimi peke yangu niliona furaha hiyo. Wengine waliona shimo linafungwa.

Jumapili, 23 Juni

Tumeenda Tarime mjini, mimi na Mwikwabe, kwa sababu shingo yake imekaza na anatembea kama amemeza mpini wa jembe. Tulimkuta Sista nyumbani kwake, anafua. Akakausha mikono, akamwangalia, akasema ni madhara ya ile sindano, yanatibika, akampa vidonge. Akamwambia pole. Daktari gani mwingine amewahi kumwambia mtu wa kijijini kwetu Nyarero pole kwa dawa aliyompa mwenyewe?

Akatupa chai na senene wa kukaanga kutoka kwao. Mwikwabe alikataa. Mimi nilikula bakuli zima, nikasema Nairobi tunakula kila siku. Uongo, lakini senene ni watamu.

Akauliza kama ukoo wetu una mwingine. Nikasema hakuna. Mwikwabe akasema, "Mjomba." Kweli, mjomba wetu wa Susuni, kaka wa mama, alikaa kwenye pango juu ya kijiji miaka saba akigombana na watu wasioonekana. Sisi tuliambiwa ni laana ya ng'ombe wa wizi. Nikamwambia Sista hivyo. Akasema, ng'ombe waliibiwa na wangapi? Nikasema na nusu ya kijiji. "Basi mbona laana ilimchagua mmoja?"

Nikajimiminia chai nyingine.  

Kumbe ipo kwenye damu, lakini damu peke yake haitoshi. Watu mia wa kawaida, mmoja anaweza kuupata. Ndugu wa tumbo moja na mgonjwa, kama tisa au kumi katika mia. Mapacha wa kufanana kabisa, mmoja akiugua, wa pili ni karibu nusu kwa nusu. Nusu! Damu ni ile ile na bado mwingine anapona. Kwa hiyo kuna mengine: mama akiugua au akishinda njaa mimba ikiwa tumboni, mtoto akizaliwa kwa shida, bangi ujanani. Nikasema, bangi? Tarime? Hatujawahi kuisikia! Alicheka mpaka chai ikamwagika. Mwikwabe akaangalia chini. Alipokuwa na miaka kumi na sita alivuta, na aliyemfundisha ni mimi. Hilo sikumwambia Sista. Nimeliandika hapa.

Tena huko Ulaya wana mashine ya kupiga picha ubongo ukiwa ndani ya kichwa, mtu mzima amelala. Wameona kwamba kwa baadhi ya wagonjwa vile vyumba vya maji katikati ya ubongo vimepanuka kidogo. Nikauliza: vilipanuka ndipo akaugua, au aliugua ndipo vikapanuka?

"Sijui," akasema. "Na wenye mashine wenyewe bado wanabishana."

Sijui! Alisema hivyo na chai mkononi, bila aibu. Waganga wote tuliompeleka Mwikwabe, wa kuku mweusi na wa kuku mweupe, hakuna aliyesema sijui. Mimi mwenyewe sijawahi kulitamka neno hilo mbele ya watu. Nimelijaribu njiani peke yangu. Ni zito.

Nikamuuliza kuhusu mimi. Kumi katika mia, na mimi nimo kwenye hiyo mia. Akaniuliza umri. Ishirini na tisa. Akasema wanaume wengi huanza mapema kuliko hapo. "Lakini unaongea sana. Nitakuangalia."

Halafu akauliza, polepole, huku anamenya chungwa: "Watu wanasema anasikia dhahabu. Katika zile sauti, ni ipi inayomwambia habari ya dhahabu?" Mwikwabe akanitazama. Nikaomba senene tena.

Jumanne, 2 Julai

Kikao juu ya duara. Watu wote.

Mawe ya wiki hii hayana kitu. Wazungu wenye vyombo vya kupimia ardhi wamepita tena mlimani, na habari inayozunguka ni kwamba wachimbaji wadogo tutaondolewa wote. Haijulikani lini. Kwa hiyo tunafungua shimo jipya upande wa mashariki, Ijumaa, na likikosea hakuna nguvu za kufungua lingine.

Simioni si mtu mbaya. Naandika hilo kwanza. Mwikwabe alipokuwa hali chakula, Simioni alimletea maziwa kila asubuhi wiki mbili, amebeba mwenyewe. Ana watoto saba. Alisimama akasema: "Mura Machage, sisi tunampenda mdogo wako kuliko wewe unavyompenda. Lakini hiyo sindano imeziba sikio. Ijumaa asichomwe. Asikilize shimo jipya kwanza, sikio lirudi. Miezi miwili, mitatu. Tukigonga mshipa tutampeleka mpaka Muhimbili, kwa ndege."

Nikasema Sista amekataza kuruka sindano.

"Sista anajua dopamini. Anajua mwamba?"

Wote wakaniangalia. Nikasema basi tumtafutie Sista kazi ya kuchimba, mwanamke mfupi hahitaji shimo kubwa. Wakacheka. Kikao kikaisha.

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Nikawapa kichekesho.

Ijumaa, 5 Julai

Saa nane mchana. Nimekaa juu ya rundo la mawe, upande wa mashariki, daftari gotini. Sista anafunga saa kumi.

Asubuhi Mwikwabe alioga, akavaa shati jeupe la harusi yake. Wegesa alikuwa amemchemshia uji. Anaanza kurudi nyuma, sindano imeisha nguvu: jana alizima redio mara mbili, na leo alisimama mlangoni akisikiliza kitu ambacho hakipo. Lakini alikuwa bado yeye mwenyewe. Akaniambia tukiwa wawili tu, anafunga kamba za viatu:

"Kaka. Nataka kukuuliza. Sauti zangu nazikumbuka zote. Wale wanawake. Ile ya bibi yetu. Yule wa redioni anayeniita mwizi. Ile ya dhahabu siikumbuki. Nilikuambia lini?"

Nikasema ulikuwa mgonjwa sana, umesahau.

"Labda," akasema. Aliniamini! Akafunga kamba ya pili.

Pale penye mashine za kusagia mawe Simioni alikuwa anatusubiri na watu wanne. Hawakupiga mtu, hawakutukana. Simioni alimshika mkono kama unavyomshika bwana harusi. "Asikilize kwanza, mura, halafu mtaenda." Wegesa akapiga kelele za Kikurya ambazo siziandiki. Mimi nikasema, haya jamani, dakika tano, sikio halina injini. Nilisema hivyo. Wegesa akanitemea mate miguuni, akaenda kituo cha afya peke yake, anakimbia, kumwomba Sista asifunge.

Hiyo ilikuwa saa nne.

Mwikwabe amelala kifudifudi tangu saa hizo, sikio juu ya mwamba, shati la harusi limekuwa la udongo. Namwona kutoka hapa. Mara ya kwanza alisema ni jiwe. Wakamwambia rudi. Mara ya pili alisema ni jiwe. Mara ya tatu hakusema kitu, na sasa midomo yake inacheza. Anajibu mtu. Anajaribu kuwasikia tena wale wanawake, anawaita warudi ng'ambo hii ya mto, kwa sababu kaka yake amesema ndivyo ilivyokuwa. Nimeona ushujaa Nairobi na Sirari, nimeona watu wakitolewa chini ya kifusi wakiwa wanaimba. Huu sijauona.

Simioni ananiita. "Machage! Njoo umwambie mdogo wako asikie! Yeye hukuambia wewe!"

Nimesema nakuja. Naandika kwanza, mkono unatetemeka na leo sijanywa.

Mwikwabe hakuwahi kusikia dhahabu. Hata siku moja. Mwaka jana mlevi wa duara la jirani aliniambia kilabuni kwamba mshipa wao unakuja upande wetu, akaninyooshea kidole mahali. Ningesema nimeambiwa, wangemuua. Ningesema nimeona mimi, ningepata fungu moja kama wengine. Mdogo wangu alikuwa tayari anaongea na kuta. Nikamlaza kifudifudi, nikasema amesikia. Mashimo mengine mawili aliyosikiliza baada ya hapo hayakutoa kitu, nikasema hatukuchimba kwa kina. Mifuko yote ya fungu la sikio nimekula mimi.

Sina bahati. Sijawahi kuwa nayo. Nilidanganya.